Madaraka Hayakuwa Uhuru: Swali la Mwanafunzi wa Bukura

Mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu, katika shule isiyo mbali na Chuo cha Kilimo cha Bukura, aliniuliza swali ambalo kwa kweli sikuwa na jibu lake. Tulikuwa tukipitia somo la sikukuu za kitaifa, somo ambalo walimu wengi tunalifundisha kwa mazoea. Juni tarehe mosi ni Madaraka, Desemba tarehe 12 ni Jamhuri, andikeni, tuendelee. Kijana akainua mkono. "Mwalimu, ikiwa Juni 1963 tulikuwa tayari na Bunge letu, na Waziri Mkuu wetu, na mawaziri wetu, kitu gani basi tulikuwa tukikingojea hadi Desemba?"

Nikamjibu kama nilivyojibiwa nami nikiwa mwanafunzi: kwamba Juni tulipata serikali ya ndani na Desemba tukapata uhuru kamili. Hakuridhika. "Kamili kwa namna gani, Mwalimu?" Kengele ikalia, ikaniokoa.

Msomaji mpenzi, safu hii ya leo ndiyo jibu nililostahili kumpa siku ile. Nimelichelewesha kwa sababu, nilipoanza kulitafuta, halikuishia Nairobi wala Lancaster House. Lilinipeleka hadi Australia ya karne ya 19, Kanada, Ireland na Afrika Kusini, kisha likanirudisha hapa hapa Kakamega, katika mwaka ambao dhahabu ilionekana kwenye ardhi ya babu zetu. Aidha limenishawishi kwamba tunavyofundisha habari hizi tunawanyima wanafunzi lile hasa lenye maana, yaani tofauti baina ya kuachiwa uendeshe nyumba na kumilikishwa nyumba.

Tuanze na sheria moja ambayo haitajwi katika vitabu vyetu vya shule, ingawa ilitutawala kwa miongo kadhaa. Mwaka 1865 Bunge la Uingereza lilipitisha Sheria ya Uhalali wa Sheria za Makoloni. Chanzo chake kilikuwa kichekesho. Katika koloni la South Australia alikuwako jaji mmoja, Benjamin Boothby, aliyekuwa hodari wa kubatilisha sheria zilizotungwa na wabunge wa koloni kwa hoja kwamba zilikinzana na sheria za Kiingereza. Serikali ya koloni ilikaribia kukwama. London ikaingilia kati na kusema kwamba sheria ya koloni itakuwa batili pale tu inapokinzana na sheria ya Bunge la Uingereza iliyokusudiwa koloni lile, na kwa kiasi cha ukinzani huo tu.

Kwa wakati wake, hiyo ilikuwa nafuu. Bunge la koloni liliweza kupumua. Lakini nafuu hiyo ilikuja na kamba shingoni, na kamba yenyewe ni ndefu ya kutosha hivi kwamba aliyefungwa anaweza kuisahau. Koloni lingeweza kuwa na bunge, waziri mkuu, bajeti, polisi na mahakama, na bado siku yoyote London ikitunga sheria juu ya jambo lolote ikitaja koloni lile, sheria ya wenyeji ilikufa palepale. Kujitawala kulikuwako, naam. Mamlaka makuu yalikuwa kwingine.

Kanada ilipata shirikisho lake mwaka 1867, Australia 1901, Afrika Kusini 1910. New Zealand na Newfoundland zilipewa cheo cha dominioni mwaka 1907, na Dola Huru ya Ireland ikazaliwa mwaka 1922 baada ya vita. Nchi hizi zilijiendesha zenyewe, na mgeni aliyezitembelea angedhani ni mataifa huru. Hata hivyo, Agosti 1914 Mfalme wa Uingereza alipotangaza vita dhidi ya Ujerumani, zile zilizokuwako wakati huo zilijikuta vitani siku ile ile pasipo bunge la hata moja kupiga kura ya kuamua vita au amani. Vijana wao wakaenda kufa Gallipoli na Ufaransa. Nasi pia, tusisahau, wazee wetu walikusanywa katika Kariakoo kubeba mizigo na risasi hadi Tanganyika, na maelfu kwa maelfu hawakurudi. Ila wale wa dominioni walirudi na hoja mkononi. Kama tunaweza kufa kama mataifa, walisema, basi na tutambuliwe kama mataifa.

Hoja hiyo ilizaa tamko la mwaka 1926 katika Mkutano wa Dola kule London, tamko linaloitwa kwa jina la Lord Balfour, ambalo lilieleza kwamba Uingereza na dominioni ni jamii zinazojitawala, zenye hadhi sawa, wala hapana iliyo chini ya nyingine katika mambo yake ya ndani au ya nje. Maneno matamu. Lakini tamko si sheria, na wanasheria wa Ireland na Afrika Kusini walilijua hilo vyema. Ndipo tarehe 11 Desemba 1931 ikatiwa sahihi Sheria ya Westminster.

Naomba walimu wenzangu waitulize akili hapa, kwani ndipo penye kiini. Sheria hiyo ni fupi mno. Kifungu chake cha pili kilisema kwamba ile Sheria ya 1865 haitahusu tena sheria mpya za mabunge ya dominioni, na kwamba hapana sheria yao itakayokuwa batili kwa sababu tu inakinzana na sheria ya Uingereza. Kifungu cha nne kikasema kwamba hapana sheria ya Bunge la Uingereza itakayopitishwa baadaye itakayohesabiwa kuwa sheria ya dominioni, ila itamkwe ndani yake kwamba dominioni hiyo imeiomba na kuiridhia. Ni vifungu viwili tu vilivyobeba uzito huo. Hapakupigwa risasi siku ile wala hapakushushwa bendera. Kamba ilikatwa kwa kalamu.

Wala wote hawakuikimbilia kalamu hiyo. Australia haikuipokea sheria hiyo hadi 1942, katikati ya vita, na New Zealand ilingoja hadi 1947, kana kwamba mtoto amekabidhiwa ufunguo wa mlango naye akauweka mfukoni miaka 16 bila kuutumia. Newfoundland haikuipokea kabisa. Ilifilisika, ikaomba London iitawale tena kupitia tume kuanzia 1934, na hatimaye mwaka 1949 ikajiunga na Kanada. Kanada yenyewe, kwa vile majimbo yake hayakukubaliana nani awe na uwezo wa kurekebisha katiba, iliomba uwezo huo ubaki London, ukabaki huko hadi 1982. Mwanafunzi anayedhani kwamba uhuru ni kitu ambacho kila mtu hukipokea kwa mikono miwili afikirie habari hizo.

Mtihani halisi ulikuja Septemba 1939. Uingereza ilipoingia vitani tena, Waziri Mkuu wa Australia, Robert Menzies, aliwatangazia watu wake kwamba kwa kuwa Uingereza imo vitani, Australia nayo imo. Kanada ilijadili bungeni, ikatangaza vita yenyewe wiki moja baadaye. Afrika Kusini iligawanyika: Waziri Mkuu Hertzog alitaka nchi isiingie, Smuts akataka iingie, Bunge likapiga kura 80 dhidi ya 67, Hertzog akaondoka na Smuts akashika usukani. Ireland ilikaa kando hadi mwisho. Mfalme mmoja, miitiko minne. Hiyo ndiyo tofauti kati ya 1914 na 1939, na katikati yake ndipo imesimama ile sheria fupi ya 1931.

Kenya je? Sisi hatukuulizwa, mwaka 1914 wala 1939.

Hapa ndipo ninapotaka kugombana kidogo na namna historia ya nchi hizo inavyosimuliwa. Husimuliwa kama hadithi ya ukombozi, na kwa kiasi fulani ndivyo. Ila yafaa kumwuliza msimulizi: aliyekombolewa ni nani? Neno "kujitawala" lina ile "ji" katikati yake, nayo hurejelea mtu. Katika Afrika Kusini ya 1931 mtu huyo alikuwa Mzungu. Waafrika walio wengi hawakuwamo, na Sheria ya Westminster iliwaondolea hata kile kizuizi chembamba ambacho London ingeweza kuweka juu ya mabwana wao.

Ushahidi upo katika mahakama zenyewe. Mwaka 1936 Bunge la Afrika Kusini liliwafuta Waafrika wa Cape katika orodha ya kawaida ya wapiga kura, haki waliyokuwa nayo tangu zama za koloni. Ndlwana, mmoja wa walionyang'anywa, alikwenda mahakamani. Mwaka 1937 Mahakama ya Rufani ikamkatalia, ikisema kwamba Bunge sasa lina mamlaka kamili na mahakama haiwezi kuhoji utaratibu wake. Katika hukumu hiyo hiyo ndimo lilimotoka lile wazo ambalo wanasheria hulinukuu hadi leo kwa fahari, kwamba uhuru ukishatolewa haurudishwi. Tazama basi kejeli ya historia. Wazo adhimu kuliko yote juu ya uhuru wa makoloni lilitamkwa katika kumwambia Mwafrika kwamba hana kura. Miaka 15 baadaye, mwaka 1952, mahakama ile ile ilibadili msimamo ili kulinda kura za Machotara wa Cape, lakini serikali ya kina Malan na Strijdom ilitafuta njia nyingine, ikaijaza Seneti watu wake, na kufikia 1956 ilikuwa imefaulu.

Nayasema haya kwa sababu njia hiyo hiyo nusura ipitie kwetu. Mwaka 1923 Wazungu wa Rhodesia ya Kusini walipewa serikali ya kujitawala baada ya kura waliyoipiga wenyewe mwaka uliotangulia. Walowezi wa Kenya, chini ya uongozi wa Lord Delamere, walitaka vivyo hivyo, na wengine wao walifikia hatua ya kupanga njama ya kumteka Gavana. Hawakufika watu 10,000, wake na watoto wakiwa wamehesabiwa. Laiti wangefaulu, leo tungekuwa tukifundisha Sikukuu ya Madaraka ya 1923, na babu zetu wangekuwa ndio waliotawaliwa katika huko kujitawala. London ikakataa. Katika Waraka wa Devonshire wa mwaka huo ikatamka kwamba Kenya ni nchi ya Waafrika na kwamba maslahi ya Waafrika yatatangulia pale yatakapogongana na ya wageni. Rhodesia ilishika njia yake, na tarehe 11 Novemba 1965 Ian Smith akajitangazia uhuru wa wachache, uhuru uliogharimu vita hadi Zimbabwe ilipopatikana mwaka 1980.

Usidhani, hata hivyo, kwamba tamko la Devonshire lilikuwa ngao. Wazee wa Kakamega walilipima wenyewe, nao walikuta kwamba halikuwa na makali.

Eneo hili la Bukura lina historia ya kisheria ambayo ingemchekesha mtu kama isingekuwa yake. Hadi mwaka 1902 lilihesabiwa kuwa sehemu ya Jimbo la Mashariki la Uganda. Mwaka huo kalamu ikahamisha mpaka, na watu wa hapa wakaamka wakiwa katika Himaya ya Afrika Mashariki bila kutoka vitandani mwao. Mwaka 1920 kalamu nyingine ikaigeuza himaya kuwa Koloni la Kenya. Mwaka 1921 Jaji Mkuu Barth akaamua, katika kesi ya ardhi iliyotoka Ugikuyu, kwamba ardhi yote ya Waafrika imekuwa mali ya Taji, na wanaoikalia ni wapangaji tu kwa hiari ya Taji. Mtu ambaye ukoo wake ulilima shamba tangu enzi za kabla ya Nabongo Mumia alikuwa mpangaji asiye na mkataba, naye hakuwa na habari.

Malalamiko yalikuwa makubwa, hata London ikaona haya. Mwaka 1930 ikapitishwa sheria ya kuziweka ardhi za wenyeji chini ya amana. Ardhi hizo zingekuwa za wenyeji daima dawamu. Ikitokea haja ya kumega kipande, Baraza la Wenyeji la mahali hapo lazima lisikizwe, na waliohamishwa wapewe ardhi nyingine yenye thamani ile ile. Chifu na mzee wa ukoo waliambiwa hivyo barazani.

Mwaka uliofuata, 1931, dhahabu ikaonekana Kakamega. Walowezi waliokuwa wamepigwa na mdororo wa uchumi wa dunia walimiminika huku na karai na sururu. Mahema yakazagaa na mashimo yakachimbwa katikati ya mashamba ya watu. Serikali ya Nairobi ilipoisoma sheria yake mwenyewe iligundua kwamba inaizuia: ardhi ya kuwapa waliohamishwa haikuwako, na Baraza la Wenyeji la North Kavirondo lingehitaji kusikizwa. Basi Desemba 1932 sheria ikarekebishwa. Ardhi ya dhahabu ikawa yaweza kumegwa, fidia ikatolewa kwa fedha badala ya ardhi, na sharti la kulisikiza Baraza likaondolewa. Ile "daima dawamu" ilidumu chini ya miaka mitatu. Uingereza kwenyewe walikuwako watu waliopiga kelele, akiwamo Lord Lugard, lakini Waziri wa Makoloni alikuwa amekwisha kuridhia.

Linganisha tarehe, msomaji. Desemba 1931: Bunge la Uingereza lajifunga mikono lisiingilie Kanada wala Afrika Kusini bila kuombwa. Desemba 1932: baraza la kutunga sheria la Nairobi, lisilokuwa na Mwafrika hata mmoja ndani yake, kwani wa kwanza, Eliud Mathu, aliingia mwaka 1944, lavunja ahadi iliyotolewa kwa watu wa Kakamega, na lafanya hivyo kihalali kabisa. Milki ilikuwa moja na mfalme mmoja, na baina ya matendo hayo mawili ulipita mwaka mmoja tu. Wachimbaji wakubwa wa Rosterman walikuja na kuondoka, mgodi ukafungwa katika miaka ya 1950, na jina likabaki kuitambulisha sehemu ya mji. Huko Ikolomani watu bado wanachimba. Nadhani mwanafunzi wa hapa ambaye hajapata kusimuliwa kisa hiki amenyimwa haki yake.

Ndiyo maana ninashikilia kwamba swali la yule kijana halikuwa la kitoto. Suala la nani mwenye neno la mwisho katika sheria si mapambo ya wanasheria. Kwa wazee wa Kakamega wa 1932 lilikuwa suala la wapi pa kupanda mtama.

Sasa turejee mwaka 1963. Tarehe 1 Juni, Mzee Jomo Kenyatta aliapishwa kuwa Waziri Mkuu baada ya KANU kushinda uchaguzi wa Mei. Mawaziri walikuwa wetu. Lakini Kenya ilikuwa bado koloni. Ulinzi na mambo ya nchi za nje vilikuwa mikononi mwa Gavana. Ile Sheria ya 1865 ya Jaji Boothby ilikuwa ingali hai juu yetu, na Bunge la London lingeweza kututungia sheria likitaka. Neno "madaraka" lilichaguliwa vizuri sana na waliolichagua. Madaraka hukabidhiwa, na mwenye kuyakabidhi huwa bado yupo. Mwalimu mkuu humpa kiranja madaraka.

Kitu tulichokingojea, basi, kilikuwa Sheria ya Uhuru wa Kenya ya 1963. Atakayeisoma baada ya kuisoma ile ya 1931 atapigwa na butwaa, kwani watungaji walinakili. Yasema kwamba kuanzia tarehe 12 Desemba 1963 Serikali ya Uingereza haitakuwa na dhamana yoyote juu ya utawala wa Kenya, na kwamba sheria yoyote ya Bunge la Uingereza itakayopitishwa tangu siku hiyo haitahesabiwa kuwa sheria ya Kenya. Jedwali lake laongeza kwamba Sheria ya 1865 haitahusu tena sheria mpya za Kenya, na kwamba sheria yetu haitakuwa batili kwa kukinzana na ya Uingereza. Maneno hayo yalikuwa yamepita India na Ceylon mwaka 1947, yakapita Ghana 1957, Tanganyika 1961 na Uganda 1962, kabla ya kutufikia. Kile ambacho Kanada na wenzake walikipata baada ya safari ya miaka 64 tangu 1867, sisi tulikipata miezi sita na siku kumi na moja baada ya Madaraka. Siku zile watu walisema mambo yaliharakishwa mno. Mimi nasema yalichelewa.

Kuna sadfa moja ambayo sikuweza kuipuuza. Gavana wa mwisho wa Kenya, aliyekuwa Gavana Mkuu kwa mwaka mmoja baada ya uhuru, ni Malcolm MacDonald. Mwaka 1931, Sheria ya Westminster ilipopitishwa, Waziri Mkuu wa Uingereza alikuwa babake, Ramsay MacDonald, na Malcolm mwenyewe, akiwa kijana wa miaka 30, alikuwa naibu wa waziri katika Ofisi ya Dominioni. Mtu yule yule aliyeiona kamba ikikatwa kwa ajili ya Kanada ndiye aliyesimama katika uwanja wa Nairobi usiku ule bendera ya Kenya ilipopandishwa, siku moja na miaka 32 baadaye.

Ukanda wa Pwani nao ulihitaji karatasi yake. Kisheria haukuwa sehemu ya Koloni. Ulikuwa himaya, mali ya Sultani wa Zanzibar, ndiyo sababu jina rasmi la nchi lilikuwa Koloni na Himaya ya Kenya. Oktoba 1963 serikali za Uingereza, Zanzibar na Kenya pamoja na Sultani zilikubaliana kwamba Sultani aachie enzi yake juu ya ukanda huo siku ya uhuru. Walimu wa Mombasa na Malindi wanalo la kusema zaidi juu ya hilo kuliko mwalimu wa Bukura, nami nawaachia.

Hata tarehe 12 Desemba 1963 haikumaliza yote. Malkia Elizabeth alibaki Malkia wa Kenya kwa mwaka mzima, hadi tarehe 12 Desemba 1964 tulipokuwa jamhuri, na rufaa za kwenda kwa Kamati ya Mahakama ya Baraza la Malkia kule London zilikomeshwa muda mfupi baadaye. Kwa hiyo siku moja ya kalenda inabeba sikukuu mbili, ya uhuru na ya jamhuri, na wanafunzi huzichanganya. Si kosa lao.

Wapo watakaosema kwamba haya yote ni makaratasi. Karatasi iliyotungwa na Bunge la Uingereza, watasema, yaweza kufutwa na Bunge hilo hilo, na uhuru wa aina hiyo ni zawadi isiyo na mizizi. Hoja hiyo ni nzito, wala si ngeni. Mwaka 1935, katika kesi iliyotoka Kanada, Lord Sankey aliikabili ana kwa ana. Alikiri kwamba kinadharia Bunge la Uingereza lingeweza kukifuta kifungu cha nne, kisha akasema kwamba nadharia hiyo haina uhusiano na hali halisi. Naafikiana naye nusu. Ni kweli kwamba hakuna Bunge la London litakalotutungia sheria tena. Lakini karatasi ina ukoo, na ukoo huonekana usoni. Katiba yetu ya 1963 ilitungwa kama kiambatisho cha Amri ya Malkia katika Baraza lake. Chanzo chake cha kisheria kilikuwa kiti cha enzi, hakikuwa mwananchi wa Butere wala wa Lodwar. Na dola mpya ilirithi zana za ile ya zamani pamoja na mpini. Sheria ya Ardhi ya Taji ya 1915 ilibadilishwa jina tu ikawa Sheria ya Ardhi ya Serikali, ikaendelea kutumika hadi 2012, na kila mtu ajua jinsi ardhi ya umma ilivyogawanywa kwa kalamu katika miaka hiyo. Taji liliondoka, uwezo wake ukabaki, ukapata mkono mwingine wa kuushika.

Mabadiliko ya mizizi yalikuja tarehe 27 Agosti 2010. Katiba tuliyoipigia kura Agosti 4 mwaka huo, na takribani theluthi mbili ya wapiga kura wakaikubali, haikutoka London wala haikutungwa na Bunge peke yake. Ibara yake ya kwanza yasema kwamba mamlaka yote makuu ni ya watu wa Kenya. Ibara ya 61 yasema kwamba ardhi yote ni ya watu wa Kenya, kama taifa, kama jumuiya na kama mtu mmoja mmoja. Laiti mzee wa Kakamega wa 1932 angekuwa na ibara hiyo mkononi wakati wapimaji walipofika shambani mwake! Angewashinda? Sina hakika. Ibara ya 62 yaweka madini yote chini ya Serikali ya Kitaifa kwa niaba ya wananchi, na wakazi wa maeneo ya dhahabu wangali wakiuliza nani huulizwa kabla ya shimo kuchimbwa. Tofauti ni kwamba leo wana mahali pa kuuliza, na jaji akiwakatalia hawezi kusema kwamba wao ni wapangaji wa mfalme.

Kwa walimu wenzangu nina ombi moja la kikazi. Tukifika katika somo hili, tuache kuorodhesha tarehe na tuwape wanafunzi mfano walio nao karibu. Hapa Bukura ninao mmoja wa bure. Chuo cha Kilimo kilianza miaka ya 1920 kama shule ya serikali, na kwa miongo mingi kiliendeshwa kama tawi la wizara. Kilikuwa na mkuu wake, walimu wake na ng'ombe wake, lakini barua moja kutoka Nairobi ingeweza kubadili lolote. Mwaka 1999 Bunge likapitisha sheria ya kukifanya chombo kamili kisheria, chenye baraza lake, chenye uwezo wa kumiliki mali, kushtaki na kushtakiwa. Majengo hayakuhama. Ng'ombe walikamwa asubuhi ile kama kawaida. Ila kilichokuwa mkono wa mtu mwingine kilikuwa sasa na mikono yake.

Nilimpa yule kijana mfano huo juma lililofuata, nikamweleza na habari za Jaji Boothby na za dhahabu. Alisikiliza kwa makini. Kisha akainua mkono tena, akauliza kama babu yake, ambaye shamba lake lilichimbwa, alilipwa zile fedha za fidia. Nikamwambia akamwulize nyanyake, kwa kuwa yu hai, aandike atakalosimuliwa, alilete darasani Jumatatu.